Pumzi Fupi za Kaluki

Wifi yangu Kaluki alikuwa na sauti ya kusimamisha lori. Pale hotelini kwake Mtito Andei, madereva wa Mombasa walimsikia kabla hawajazima injini: "Chapati mbili! Nyama karanga moja, supu nyingi!" Kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama na ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo.

Basi mwaka 1990 sauti hiyo ikaanza kumgeuka. Asubuhi alisema vizuri. Jua likipanda, ulimi ulikuwa mzito, maneno yakakokotana, na miguu nayo ikayumba. Kanisa letu halitaki hata kusikia harufu ya kaluvu, ile pombe yetu ya asali. Watu wakajumlisha moja na moja: asubuhi mzima, mchana mlegevu, kumbe mama anaonja! Nilikasirika hadi nikakosana na nusu ya kwaya.

Kaka yangu Kisilu, mumewe, fundi wa pancha, alimpeleka Nairobi. Madaktari walisema ni ugonjwa unaoitwa multiple sclerosis. Kinga ya mwili hushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu, na ujumbe wa ubongo haufiki sawasawa ulimini wala miguuni. Tena joto huuzidisha. Jamani, ugonjwa usiopenda joto ukaja kupanga nyumba Mtito Andei kwenye jua kali!

Dawa ya kuumaliza hawakuwa nayo, lakini walimpeleka kwa Wangui, mtaalamu wa kuwasaidia watu kusema.

"Mama, pumzi yako inaisha kabla ya maneno," Wangui alimwambia. "Sema kidogo, simama, vuta nyingine."

Kaluki hakupenda huko kusimama. "Nikinyamaza katikati, watu watanimalizia maneno," alilalamika.

Ni Kisilu aliyepata njia. Sisi Wakamba mtu akisimulia jambo, msikilizaji humwitikia "ii", yaani ndiyo, kila kipande, ndio aendelee. Kaluki akisema kipande, Kisilu aliitikia "ii", naye akavuta pumzi. Hakuna aliyeweza kuingilia hapo. Walifanya hivyo wakikata mboga ya sukuma, wakafanya hivyo hata wakigombana, na mimi nilicheka mpaka machozi. Wangui alipoelezwa alifurahi, akawaambia waendelee vivyo hivyo.

Kisha wazee wa kanisa wakamwita kwa ajili ya ule uvumi wa pombe. Mwenyekiti wao, mzee Mutunga, alitaka uongozi wa akina mama upewe mwingine. Kaluki hakulala vizuri wiki hiyo, maana kundi lile alilipenda kama mwanawe. Kisilu alijitolea kumsemea.

"Hapana. Mdomo unaoshtakiwa ni wangu," akakataa.

Mkutano uliwekwa baada ya ibada, saa ile mabati yanachemka. Kaluki alikuja na leso yenye maji shingoni. Mimi nilitokwa na jasho la woga kumshinda. Akasimama, akashika benchi.

"Ndugu zangu."

"Ii," akaitikia Kisilu.

"Mimi ni mgonjwa."

"Ii."

"Ugonjwa uko kwa mishipa."

Akina mama wawili wakaitikia pamoja na Kisilu. Nilipaza sauti nami.

"Jua likiwaka, ulimi unalala."

"Ii," ikaitikia nusu ya kanisa. Mzee Mutunga naye alikuwa ameanza kuitikia kwa kichwa, kwani amelelewa kwa masimulizi kama sisi sote.

"Asubuhi mnanisikia sawa."

"Ii," mzee akasema.

"Na pombe sijawahi kuonja."

"Ii!" Mutunga aliitikia kushinda wote, kisha akajishika mdomo.

Kaluki alivuta pumzi yake taratibu, hakuwa na haraka.

"Asante, mzee," akasema. "Umeshuhudia mwenyewe."

Kanisa likaangua kicheko. Mutunga alijaribu kukunja uso, akashindwa, akacheka hadi akafuta macho. Habari ya kumtafuta mwingine haikutajwa tena. Nyimbo za asubuhi anaanzisha yeye, za mchana anamwachia Ndila wa kwaya.

Ugonjwa haujaenda popote. Siku hizi anatembea na fimbo, na hotelini, ambako sasa namsaidia jikoni, anakaa karibu na mlango upande wenye kivuli. Juzi dereva mgeni alisikia kuitikiana kwetu, akauliza kama hapa ni hoteli au kanisa. Nikamwambia akae, chakula kinakuja.

"Chapati mbili," Kaluki akasema.

"Ii," tukaitikia jikoni, tukangoja apumue.