Mkate wa Hedimani

Katika mtaa wa Waislamu pale Meru, ambao wenyewe huuita Mjini, palikuwa na mwanamke aliyejulikana kwa mikate. Jina lake lilikuwa Mwanarusi binti Ismael. Baba yake alikuwa Mnubi, mama yake Mmeru aliyesilimu, na yeye akaolewa na Idrisi, mchinjaji wa Makutano. Idrisi alichinja, Mwanarusi akaoka. Oveni yake ilikuwa ya madebe, moto juu na moto chini, na wanaume waliotoka msikitini alfajiri walipokewa na harufu yake hata kabla hawajavaa viatu.

Miaka ya Hali ya Hatari, serikali ya Wazungu ilipopigana na wapiganaji wa msituni, iliwakuta hapo. Mjini hapakuchimbwa mitaro ya kuzingira watu kama huko mashambani, lakini kila mtu alitembea na pasi ya serikali mfukoni na maneno machache mdomoni.

Siku moja Mwanarusi alipompelekea mumewe chakula cha mchana alimkuta mtu amesimama mlangoni mwa bucha, ameshika kamba ya fahali mwekundu. Alikuwa Hezekiah, hedimani, yaani mkuu aliyewekwa na serikali, wa kijiji kimoja juu ya Githongo, na mkubwa wa hom gadi, askari walinzi wa huko. Ukucha wa kidole chake cha shahada ulikuwa umepasuka katikati, ukaota vibaya kama kwato.

"Huyu ng'ombe ni wa nani?" Idrisi aliuliza.

"Wa serikali."

"Serikali haina zizi Githongo, Bwana Hedimani. Huyu nimesikia ni wa mama Karwirwa, yule mjane ambaye mwanawe yuko msituni. Ng'ombe wa machozi mimi sichinji. Kisu changu kinasomewa jina la Mungu."

Hezekiah alicheka kidogo, akamvuta fahali wake, akaenda.

Haikupita hata mwezi, askari wakawakusanya wanaume wote wa Makutano uwanjani, wakawaketisha chini mistari mistari. Wanawake walisimama nyuma ya seng'enge. Akaletwa mtu aliyevikwa gunia kuanzia kichwani hadi kiunoni, lenye matundu mawili ya macho. Alipita polepole mbele ya wanaume. Alipofika kwa Idrisi alisimama, mkono ukatoka chini ya gunia, kidole kikanyooka. Ukucha ulikuwa umepasuka katikati.

Walisema Idrisi alikuwa akiwapelekea nyama watu wa msituni. Walimpandisha lori, wakampeleka kwenye kambi za kizuizini nyikani, mbali na Meru. Bucha lilichukuliwa na Munyi, mdogo wake Hezekiah.

Mwanarusi hakupiga kelele. Alirudi nyumbani, akakanda unga wa kesho. Lakini tangu siku hiyo hakuna sala aliyoiswali bila kumtaja Hezekiah. Hakumwombea kifo. Kifo aliona ni kitu cha upesi mno. Aliomba apewe nafasi, mkono wake umfikie, na yule mtu ajue ni mkono wa nani.

Nafasi ilikuja yenyewe, tena ilikuja kwa miguu.

Hezekiah alikuwa amepanda cheo mbele ya Wazungu. Alijenga nyumba ya mabati, akanunua meza na vikombe vya udongo mweupe, na bwana DO, Mzungu mkuu wa tarafa, akawa anapita kwake kunywa chai. Chai ya Mzungu haiwi chai bila mkate, kwa hiyo Hezekiah, aliyekulia kwa mukimo na uji wa wimbi, akaanza kula mkate asubuhi na jioni. Kadiri alivyozidi kuula ndivyo alivyozidi kukonda. Tumbo lilimvimba, likamwendesha, likamlaza. Aliwashuku wachawi, akabadilisha kisima, akamfukuza mpishi. Mwishowe akaenda hospitali ya misheni, na daktari mzee wa huko akamwambia kuna watu wachache duniani ambao ngano huwachoma matumbo, na yeye huenda ni mmoja wao. Aiache.

Angeweza kuiacha. Nduma, yaani magimbi, zilijaa bondeni kwake. Lakini aliona haya. Hedimani wa kula nduma huku wageni wanakula mkate, huyo angekuwa hedimani wa namna gani?

Basi asubuhi moja Mwanarusi aliinua macho kutoka kwenye oveni, akamwona amesimama uani.

"Bi Mwanarusi, wanasema hakuna unga unaokushinda."

"Watu wanasema mengi."

"Nataka mkate usiokuwa na ngano. Lakini uonekane mkate. Ukatwe vipande, upakwe siagi, mgeni asijue kitu. Mke wangu amejaribu, ametoa matofali." Alisogea karibu, akapunguza sauti. "Ngano inaniumiza. Daktari amesema. Jambo hili ni letu sisi wawili na mke wangu."

Sufuria ya maji ilikuwa inachemka mkono wa kulia wa Mwanarusi. Alifikiria kummwagia, na baadaye alisema alifikiria sana. Kisha likamjia wazo jingine: mtu akikuletea tumbo lake mwenyewe akuwekee mkononi, humfukuzi.

"Nipe muda," alisema. "Nitajaribu."

Alijaribu kama mtu aliyerogwa. Kwanza alichukua wimbi peke yake. Mkate ukatoka mweusi, mzito, ukakaa tumboni mwa kopo kama udongo wa kufinyangia. Akajaribu mtama, ukapasuka juu, na kisu kilipougusa ukamwagika kama mchanga. Unga wa muhogo ulinyanyuka vizuri motoni, akafurahi, lakini ulipopoa ukanyauka na kuwa wa kuvutika kama mpira. Alianika ndizi mbichi juu ya paa, akazitwanga, akaoka. Mkate ukawa na rangi ya kijivu na harufu ya majani. Ngano, alikuja kuelewa, ina gundi yake ndani. Hizi nyingine hazina, ni lazima uzitafutie.

Shangazi yake, Mwanatatu, aliyeishi naye, ndiye aliyekula mikate yote iliyoharibika.

"Unamhangaikia hivi yule mtu?" aliuliza siku moja, akitafuna kwa shida. "Aliyekufanya mjane wa mtu aliye hai?"

"Ndiyo maana, shangazi."

Mwanatatu aliacha kutafuna.

Gundi aliipata kwenye uji. Alipika unga wa muhogo kidogo kwa maji mpaka ukawa uji mzito unaong'aa, akauacha upoe, akauchanganya na unga wa wimbi na wa mtama, akaongeza mayai, sukari na hamira, akaufunika mpaka ukachacha. Haukukandika, ilibidi umiminwe kwenye kopo la samli kama uji. Lakini ulipanda. Ulipotoka ulikuwa wa kahawia, na kisu kilipopita haukumwagika. Hezekiah alikula kipande akiwa amesimama, akala cha pili, akafumba macho.

Kuanzia hapo mkewe, Igoki, alikuja kuchukua mikate kila alipopata lori la kushuka mjini. Alikuwa mwanamke mpole, mwenye kovu jipya juu ya nyusi ambalo hakulieleza. Walizoeana. Mwanarusi alimwita Mama Mutegi, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na Igoki alikuwa akikaa kidogo jikoni kupumzisha miguu.

"Bwana yako anaendeleaje?"

"Amenenepa. Anasema mikono yako ina baraka."

Mwanarusi aliendelea kuosha makopo.

Aliingoja siku yake kwa subira, na kabla ya siku yenyewe alijifunza. Mara moja aliweka kijiko kimoja cha ngano katika mkate mzima. Igoki aliporudi alisema mzee aliumwa kidogo, labda ni maharage. Mara nyingine aliongeza, akauliza kama mtu anayeulizia hali ya hewa: alikula lini, akaumwa lini? Alikula asubuhi, Igoki alisema, na jua lilipofika utosini alikuwa amelala chini anagugumia. Mwanarusi alilijua tumbo la Hezekiah kama alivyoijua oveni yake. Kisha akarudi kwenye mkate safi, akamwacha apone, anenepe, aamini.

Habari ikaenea kwamba Hezekiah atavishwa medali na kupewa uchifu, mbele ya DC, mkuu wa wilaya, katika baraza kubwa uwanjani pa boma la serikali. Vijiji vyote vitashushwa kwa nguvu kuja kushangilia.

Mwanatatu alimwona Mwanarusi akipima unga mweupe jioni ile.

"Mwanangu, chakula ni amana. Mtu akila mkononi mwako amejiweka chini ya ulinzi wako. Hata dini inasema."

"Na mume ni nini, shangazi? Si amana? Nani alimkabidhi yule mtu Idrisi, mpaka akaja kumchukua?"

"Mwachie Mungu."

"Mungu ameshaniletea mtu mpaka uani. Anifanyie na lipi tena?"

Mkate ule aliuoka kwa ustadi wake wote. Aliweka wimbi kidogo tu, la kutia rangi. Unga uliobaki ulikuwa ngano tupu, iliyokandwa mpaka ikawa laini kama shavu la mtoto.

Igoki alikuja mapema siku ya baraza. Alipokea mkate, na kama kawaida ya mwanamke yeyote aliubonyeza kwa kidole gumba. Mkate uliingia ndani, halafu ukajirudisha polepole. Mikate ya siku zote haikuwa ikifanya hivyo; ukiibonyeza ilibaki na shimo. Igoki alibonyeza tena. Akamtazama Mwanarusi, na Mwanarusi hakuyakwepa macho yake.

Kisha Igoki akaufunga mkate katika leso safi, kingo kwa kingo, akakaza fundo.

"Leo atakula sana," alisema. "Anataka kuwa na nguvu." Akatoka.

Mwanarusi alikwenda barazani pamoja na wanawake wa Mjini, akatafuta mahali pa mbele. Hezekiah alikuwa amevaa kaki mpya, imepigwa pasi ya makaa, soksi ndefu mpaka magotini. DC alihutubia kirefu, na karani mmoja wa boma akawa anafasiri. Jua lilipanda. Mwanarusi hakusikia neno la hotuba. Alikuwa anasoma uso mmoja tu.

Kwanza Hezekiah alifuta jasho. Kisha akabadilisha mguu, akabadilisha tena. Midomo ikawa ya majivu. Alipoitwa alikwenda mbele kwa hatua fupi fupi kama mtu aliyefungwa kamba. DC alinyoosha mkono na medali, akaanza kutafuta mahali pa kuichoma kifuani, na hapo hapo Hezekiah akainama, akashika tumbo, akatoa sauti ambayo haikuwa neno. Alianguka kifudifudi mbele ya viatu vya DC, na ile kaki mpya ikabadilika rangi nyuma, watu wote wakiona.

Hom gadi walishika bunduki bila kujua wamwelekezee nani. DC alirudi nyuma, kitambaa puani. Halafu kutoka upande wa wanawake kikasikika kicheko kimoja, chembamba, cha mtu anayejizuia na kushindwa. Alikuwa mama Karwirwa, mjane wa fahali mwekundu, amejiziba mdomo kwa nguo yake. Aliyekuwa karibu naye akacheka, na wa nyuma yake, mpaka mlima wa watu walioletwa kushangilia ukacheka kwa pamoja, na wote hao wasingeweza kutiwa ndani.

Mwanarusi hakucheka. Alitazama mpaka walipombeba, asikose kitu.

Uchifu uliahirishwa, kisha akapewa mtu mwingine. Hezekiah alipopata nguvu alikuja Mjini na hom gadi wawili. Aliwaacha nje ya ua, akaingia peke yake.

"Uliweka nini?"

"Ngano."

Hakutegemea jibu la wazi namna hiyo.

"Ningekufa."

"Hukufa. Hata Idrisi hajafa. Nilitaka mlingane."

"Naweza kukupeleka kambini leo."

"Nipeleke. Wataniuliza nimefanya nini. Nitasema nilimpa hedimani mkate wa ngano, kama ule anaowapa wageni wake. Nawe utawaeleza kwa nini mkate ni sumu kwako, na kwa nini ulikuwa unakula kwa mke wa mtu uliyemfunga. Bwana DO atapenda kusikia." Akamwangalia mkono. "Gunia lilikuwa fupi, Bwana Hedimani. Lilikuacha kidole."

Hezekiah alitazama ukucha wake, akaukunja ndani ya kiganja. Alitoka, akawaamuru wale wawili wavunje oveni, wakaivunja kwa vitako vya bunduki mpaka madebe yakalala bapa. Mwanatatu alilia. Mwanarusi alisimama akawaonyesha vipande walivyosahau kuvunja.

Hakuweza kukaa tena Meru. Aliomba pasi, akahamia Muthara kwa dada yake Kibibi, akaanza upya na madebe mengine. Habari za Hezekiah zilimfikia huko kupitia wafanyabiashara wa mbuzi. Walisema hawezi tena kula kwa mtu. Akialikwa harusini ananusa sahani, anachokonoa kwa kidole, anaitazama mikono ya aliyepika, kisha anasema ameshiba. Hata chakula cha Igoki hakigusi. Anajichemshia nduma mwenyewe, nyuma ya ile nyumba ya mabati, akipuliza moto kwa mdomo. Mwanarusi aliwapa wafanyabiashara hao mkate wa bure, ili wamsimulie yeye tena habari hiyo.

Idrisi aliachiliwa Hali ya Hatari ilipokaribia kwisha. Alifika Muthara akiwa amekonda, meno ya mbele hayapo, na jicho moja lina utando. Kwa siku nyingi hakuzungumza. Alikaa tu mahali penye jua, akila alichopewa. Mwanarusi alimweleza mambo yote asubuhi moja akichambua mtama, bila kuficha wala kujitetea. Alimweleza uji wa muhogo, kidole gumba cha Igoki, kaki, viatu vya DC.

Idrisi alisikiliza mpaka mwisho. Aligeuza uso, Mwanarusi akadhani amechukizwa.

"Alianguka kifudifudi?" aliuliza.

"Kifudifudi."

Idrisi alisogeza kigoda chake karibu na ungo.

"Anza tena," alisema. "Pale alipoitwa mbele."