Hondohondo wa Wifi Balbina

Wifi yangu Balbina alikuwa muuza ulanzi asiyekunywa ulanzi, na watu wa Uchindile waliona hiyo ni kasoro kubwa kuliko uchawi. Kaka yangu Nazari alipofariki alimwachia mianzi pembeni mwa msitu. Kila masika wifi alikata ncha za machipukizi asubuhi na jioni, akafunga chini ya kila moja mbeta, lile kopo la mwanzi la kukingia maji matamu yanayodondoka. Maji hayo yakilala yanakuwa kilevi, ndio ulanzi wenyewe, na kilevi cha wifi kilisifiwa hadi Mlimba. Mwenyewe alikunywa chai. Baba yake alikuwa mlevi wa kupindukia, naye aliapa tangu msichana kwamba pombe haitagusa ulimi wake.

Lakini kwetu humpi mtu pombe bila kuionja kwanza mbele yake. Tunaita kutoa sumu. Zamani alionja Nazari, na alionja kwelikweli, Mungu amrehemu. Baada yake kazi hiyo niliirithi mimi, na sikumbuki kuwahi kulalamika.

Masika ya mwaka tisini na sita wezi walizidi. Walikuja alfajiri, wakanywa humohumo ndani ya mbeta, wakazirudisha tupu kwenye mianzi kwa adabu zote. Wifi akatangaza dukani kwamba safari hii mwizi wake atakiona cha mtema kuni. Hakuwa na mpango wowote, namjua. Alikuwa na mdomo tu.

Siku chache baadaye jirani yetu Leticia alikwenda msituni kutafuta uyoga, akarudi amemshika mguu hondohondo, yule ndege wa domo kubwa, kichwa kinaning'inia. Alimkuta amekufa, si mbali na mianzi ya Balbina. Kabla hajamaliza kusimulia, neno sumu lilikuwa limeshazunguka kijiji kizima.

Nilicheka siku hiyo hadi nikashika ukuta. Wenye dhamiri safi waliguna tu wakaendelea na kazi zao, ila wengine walitoka mbio. Mzee mmoja alipita mbele yangu akimeza mayai mabichi. Mwingine alizunguka nyumba hadi nyumba akiomba maziwa, eti mtoto wake wa mwisho anakohoa, wakati mtoto huyo ameolewa Ifakara na ana watoto wake. Na Salvatory, katekista wetu, aliyekuwa akituhimiza kila Jumapili tuwe na kiasi, mkewe alimkuta nyuma ya jiko anatafuna mkaa ili ufyonze sumu.

Wifi hakucheka. Alikaa kwenye kigoda ameshika tama.

"Wakiamini natia sumu, nani atakunywa kwangu tena?" aliniuliza.

Kicheko kikanikauka. Ulanzi ndio uliomlisha, na ulanzi haungoji mtu amalize majungu yake.

Ghafla akanyanyuka, akamchukua yule ndege na kuanza kumnyonyoa kama kuku wa Krismasi, mbele ya watu wote walioweza kusimama. Hakukuwa na jeraha la jiwe wala la mshale. Akampasua tumbo: matunda ya porini na nyuki wengi, basi. Akainusa ile nyama, akatunusisha na sisi. Haikunuka dawa. Akashika shingo, ikazunguka upande wowote alioutaka. Imevunjika, akasema. Salvatory, midomo myeusi tii, akadai kwamba zipo sumu zinazovunja shingo.

Wifi alikuwa amekazia macho lile domo kubwa. Kulikuwa na mikwaruzo ya kijani imelizunguka pande zote. Akajifunga kanga kiunoni akashika njia ya kwenye mianzi, ndege mkononi, nasi nyuma yake, wazima wakiwakokota wagonjwa.

Chipukizi moja halikuwa na mbeta, linadondosha utamu wake chini bure, na nyuki wamelijaa. Kutoka hapo wifi akaingia msituni akiangalia chini na juu. Kwenye mninga mkubwa gome lilikuwa limechubuka karibuni, na shinani pake ilikuwepo ile mbeta, imepasuka vipande viwili, unyoya umenasa kwenye ufa. Wifi akaviunganisha vile vipande, akalivika domo la ndege. Vikakaa sawasawa, hadi machoni.

Basi tukaelewa wote kwa pamoja. Nyuki walifuata ulanzi, hondohondo akafuata nyuki, akachomeka uso mzima ndani ya mbeta, ukanasa. Akaruka hivyohivyo, kopo usoni, hadi alipokutana na mninga. Leticia akatuonyesha: kikapu cha uyoga kichwani hadi shingoni, mikono anapigapiga, anakimbilia mti. Nilikaa kwenye tope nikalia kwa kucheka.

Salvatory peke yake hakuridhika. Alisema kifo cha ndege kimejulikana, lakini ulanzi bado. Utolewe sumu. Nikanyoosha mkono haraka, wakanikataa. Walisema mimi ningekunywa hata maji ya betri. Walimtaka mwenyewe.

Wifi aliitazama mbeta iliyojaa. Nilijua anamwona baba yake mle ndani. Kisha akafumba macho, akanywa. Akaenda ya pili, na ya tatu, hakuruka hata moja, asije mtu akasema ile aliyoiacha ndiyo yenyewe. Mstari wa kwanza alitembea wima. Mstari wa pili alianza kuimba. Mstari wa mwisho alikuwa anaiamkia mianzi shikamoo, mmoja mmoja.

Alipofika mwisho akajitupa chini, akamnyooshea Salvatory mbeta iliyobaki nusu.

"Kunywa, Katekista," alisema. "Ila kuanzia leo, mpitie mlangoni."

Salvatory aliipokea kwa mikono miwili, akanywa hadi tone la mwisho, asimtazame mtu.

Jioni wifi alikuwa amelala fofofo kwenye mkeka uani, mimi ndiye niliyeuza. Walikuja wote. Walipitia mlangoni, na kila mmoja alibisha hodi kwa sauti kubwa ajabu, hadi wifi akawa anawaitikia "Karibu!" usingizini.