Rangi ya Fedha Juu ya Bidoni

Miaka ile ya tisini, huku kwetu Panda, mtaa wa wafanyakazi mjini Likasi, kitu chochote chenye rangi mbichi kilikuwa na kesi. Kiwanda kilikuwa kimelala, mishahara ilikuwa imekawia hadi watu wakaacha kuiulizia, na usiku vitu vilihama. Baiskeli uliyoiona nyeusi Jumapili ungekutana nayo Jumatano ni ya kijani, na mwenyewe anaipanda huku anatazama mbele tu. Hakuna aliyeuliza. Tulitazama, tukanyamaza, kila mtu akaweka moyoni alichokiona.

Kwa hiyo asubuhi nilipomwona jirani yangu kwenye foleni ya maji na bidoni mbili, madumu ya maji, zinazong'aa rangi ya fedha, sikuhitaji kuambiwa nini cha kufikiri.

Mimi nilikuwa kiongozi wa shirika letu, yaani Wakristo wa mtaa wetu waliokusanyika kila wiki kusali na kusaidiana. Shirika lilikuwa na bidoni kumi za plastiki za njano. Kila Jumamosi tulizijaza bombani na kuwapelekea maji wagonjwa na wazee wasioweza kusimama foleni. Zilihifadhiwa kwangu. Nilikuwa nimeziandikia alama kwa mkono wangu, msalaba mdogo mweusi karibu na mshiko, kwa sababu kazi yangu kiwandani miaka yote ilikuwa ni hiyo: kupaka rangi na kuandika namba kwenye mashine. Wiki mbili kabla ya asubuhi ile, bidoni mbili zilipotea uani kwangu.

Mke wangu ndiye aliyesema kwa sauti kile ambacho mimi nilikiweka moyoni.

"Baba, umeona bidoni za mama ule?"

"Nimeona."

"Muntu anapakaka bidoni rangi ya gari juu ya nini? Maji inakuwa tamu?"

"Tusihukumu."

"Minye sihukumu. Minauliza tu."

Jirani huyo alikuwa mjane mwenye watoto wanne. Babake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi mgodini, na yeye mwenyewe alizaliwa Likasi, akabatizwa Likasi, akafunga ndoa Likasi. Lakini ulikuwa mwaka ule ambapo watu wa asili ya Kasai walikuwa wanaambiwa warudi kwao, nao walikuwa wanalala kituoni na mizigo yao wakingoja treni ambayo haikutaja siku. Yeye pia alikuwa amefunga virago. Kabla ya kuondoka alikuja kwangu kuomba barua.

Barua ile haikuwa kitu kidogo. Familia ikihamia parokia nyingine, kiongozi wa shirika huandika kwamba hawa ni Wakristo waaminifu, wanasali, wana mwenendo mwema, kisha paroko anapiga muhuri. Kule alikokuwa anakwenda hakuwa na mtu. Watoto wake hawakuwahi kuiona Kasai hata mara moja. Mwenye barua alipokelewa na wenzake wa imani, akapewa pa kulala, watoto wakaingizwa shule ya parokia. Asiye nayo alikuwa mtu tu aliyeshuka kwenye treni. Bila saini yangu, paroko asingepiga muhuri.

Nami sikutia saini. Nilimwambia arudi kesho. Kesho yake nikamwambia tena kesho. Siku ya tatu nikamwambia ukweli, au nusu yake.

"Mama, lete kwanza zile bidoni. Nitoe rangi, nione chini yake. Halafu nitaandika."

"Baba, acha rangi yangu."

"Juu ya nini?" nikamwuliza sababu.

"Acha tu. Niko nakuomba."

Jibu hilo liliniongezea hakika. Nilisali jioni ile, nakumbuka vizuri, nikimwomba Mungu anipe moyo wa kumsamehe mwizi. Sikuomba anionyeshe kama kweli ni mwizi.

Kutoa rangi kwenye chuma nilikujua tangu ujana: unamwaga dawa ya kuyeyushia rangi, unasugua kwa brashi ya waya, imekwisha. Plastiki ni jambo lingine. Nilichukua kipande cha bidoni iliyopasuka, nikakiandikia msalaba mweusi, nikakipulizia rangi juu, nikakiacha jua likikaushe. Dawa ya kiwandani iliyobaki kwangu iliondoa rangi ya juu mara moja, lakini iliondoa na msalaba, na plastiki yenyewe ikawa laini na kunata kama ubani uliotafunwa. Mafuta ya taa yaliacha harufu na hayakutoa kitu. Mchanga ulikwaruza tu na kuisukuma rangi ndani ya mikwaruzo. Nilihitaji kitu kikali ambacho hakili plastiki, kitakachotoa rangi tabaka moja baada ya lingine ili alama ya chini ibaki. Nilijua kitu hicho ni nini, na nilijua kinauzwa wapi.

Nilikwenda mtaa wa Kikula kwa miguu, na chupa ndani ya mfuko. Mama mwuza lutuku, ile pombe kali ya mahindi, alinitambua kabla sijaketi. Nilikuwa nimewafundisha katekisimu wanawe wawili.

"Yesu wangu! Baba katekista! Weye pia inakushinda?"

"Haiko ya kunywa, mama. Nataka ile ya kwanza kabisa, ile kali. Niko na kazi nayo."

"Bote banasemaka vile. Moja anasema ni ya meno, ingine anasema ni ya mugongo. Yako ni ya nini?"

"Ya kusafisha bidoni."

Wanaume waliokuwa pale walicheka hadi mmoja akamwaga kikombe chake. "Bidoni ya tumbo!" akasema. "Baba, iyo bidoni minye nasafishaka kila siku!"

Nililipa nikatoka. Habari ilifika Panda kabla yangu. Njiani mzee mmoja wa shirika letu alinipa mkono na kuushika muda mrefu, akiinamisha pua kama mtu anayetafuta harufu. Niliumia sana kuona anavyonitazama, na hata wakati ule haikunijia akilini kwamba mimi namtazama mtu mwingine hivyo hivyo.

Asubuhi iliyofuata mjane, aliyekuwa bado anaihitaji barua, alileta bidoni zote mbili mwenyewe. Aliziweka chini uani kwangu akasimama. Watoto alikuwa amewaacha nyumbani, na binti yake mkubwa akiwaangalia.

"Fanya," akasema.

Nilikaa kwenye kigoda. Nililowesha kitambaa cha pamba kwa lutuku, nikasugua sehemu ndogo karibu na mshiko, taratibu, nikageuza kitambaa kila kilipochafuka, nikafuta kwa maji ya sabuni, nikaanza tena. Rangi ya fedha ilianza kuwa kijivu, kisha ikatoka kwa vipande vyembamba. Chini yake niliona wekundu. Msalaba wangu ulikuwa mweusi. Nikahamia kati ya bidoni, na wekundu ukaongezeka: mstari, kisha mwingine. Zilikuwa herufi kubwa za rangi ya kupuliza. Nilisugua mpaka zikasomeka zote.

MUENDE KWENU.

Mke wangu aliingia ndani ya nyumba.

"Baliandika na ku mulango," mjane akasema. "Mulango nilichoma, tukapika nayo. Bidoni siwezi kuchoma. Batoto banaenda nayo ku bomba kila siku, bantu banasoma. Shemeji yangu alikuwa na kopo ya rangi ya magari, akapuliza juu."

"Ungeniambia, mama."

"Ungeamini?"

Nilimwaga lutuku iliyobaki kwenye kitambaa nikaendelea kusugua. Nyekundu ilikuwa ngumu kuliko fedha, kwa sababu ilishika plastiki yenyewe bila kitu kati yake. Nilisugua bidoni ya kwanza, nikasugua ya pili, hadi jua likafika kichwani na vidole vyangu vikawa vinawaka. Maandishi yaliondoka. Ulibaki weupe kidogo pale nilipokwaruza, na kivuli cha waridi ambacho asiyejua asingekiona. Zilikuwa bidoni za njano kama zote za mji huu, na hapakuwa na msalaba wangu popote.

Bidoni mbili za shirika sikuzipata kamwe. Nimewashuku watu watatu tangu hapo, na mmoja wao ameshafariki. Mungu anisamehe.

Niliandika barua mchana ule ule, kwa Kifaransa, kama desturi ilivyotaka, nikaenda nayo kwa paroko, nikarudi na muhuri. Mjane, asiyejua Kifaransa, hakuipokea mkononi. Alimwita binti yake mkubwa, aliyekuwa darasa la sita.

"Soma."

"Mama, nimeandika vizuri," nikasema.

"Soma," akamwambia binti tena.

Binti alisoma neno kwa neno, akitafsiri, huku sisi wawili tumesimama. Alipofika pale nilipoandika kwamba ni watu waaminifu, mama akamzuia. "Rudilia pale." Akarudia. Mama akachukua karatasi, akaigeuza kuona kama nyuma kuna maneno mengine, akaishika kwenye mwanga, kisha akaikunja mara nne na kuiingiza ndani ya kitambaa kiunoni.

"Aksanti, Baba," akasema.

Jioni nilisikia kwamba kabla ya kwenda kituoni alipita kwa mwalimu wa shule, akamwomba naye amsomee barua ile.