Seremala Anayejenga Vitu Vinavyovuja

Ukungu bado umeulalia msitu kama mgonjwa asiyetaka kuamshwa, lakini Pimamaji ameshaingia kijitoni hadi magotini. Amekumbatia ncha moja ya gogo. Ncha nyingine imeshikwa na wenzake wawili, wanaoteleza kwenye tope na kulaumiana.

"Shusha kwenu! Taratibu, jamani. Tunalilaza, hatuliziki!"

Gogo linashuka na kukwama kati ya miti miwili iliyosimama, upande mmoja juu, mwingine chini, kama mlevi aliyeegemea ukuta. Pimamaji anarudi nyuma, anainamisha kichwa, anakunja uso. Mkono wake wa kulia unanyanyuka wenyewe kwenda kulinyoosha.

"Liache, fundi," anasema msimamizi wa mradi bila hata kugeuka.

"Sijaligusa, bosi."

"Ulitaka."

"Kutaka nako kuna adhabu?"

Wenzake wanacheka. Ndivyo siku zao zinavyoanza.

Jina la Pimamaji alilipata kwenye useremala, kazi aliyoifanya kwa miaka zaidi ya thelathini. Hakuwa anatoka nyumbani bila pimamaji, kile kifaa chenye kiputo cha hewa kinachoonyesha kama kitu kimekaa sawa. Alikipachika juu ya meza za watu bila kuombwa. Inasemekana hata kwenye msiba wa mjomba wake alikiweka juu ya jeneza, akamnong'oneza jirani kwamba upande wa miguuni umeinuka.

Leo mtu huyo analipwa kuweka vitu upande.

Yeye na wenzake wanane wanakirudishia kijito cha msituni sura yake ya zamani. Wanalaza magogo na matawi kukikatiza, wanafukua kona zilizozibwa miaka mingi iliyopita, ili mvua ikinyesha maji yatawanyike kwenye miti na kupumzika kidogo, badala ya kushuka mbio hadi kwenye nyumba za bondeni.

Nyumba moja kati ya hizo ndiyo aliyozaliwa. Anaishi humo dada yake mkubwa, fundi cherehani, ambaye alishatoa kauli yake mapema mwaka huu: maji yakiingia ndani tena msimu huu, anauza.

"Yameingia mara nne ndani ya miaka sita," anasema dada huyo, pini tatu zikiwa mdomoni. "Mara ya mwisho niliamka nikakuta kiatu kimoja kinaelea chumbani, kinazunguka, kama kinamtafuta mwenzake. Nikasema basi. Mtu mzima siwezi kuishi kwenye beseni."

Mnunuzi yupo. Ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, ameshapita mara mbili akipima kiwanja kwa macho. Hana haja na nyumba. Atabomoa, amwage kifusi, ainue msingi.

Na hapo ndipo Pimamaji anapokosa usingizi. Fremu za madirisha ya nyumba ile zilitengenezwa na baba yao, seremala aliyemfundisha kazi. Kwenye mwimo wa mlango wa sebuleni kuna mikwaruzo ya kisu, urefu wa watoto sita, mwaka kwa mwaka. Mafuriko mabaya kuliko yote yaliacha mstari wa tope juu kidogo ya mkwaruzo wa mtoto wa miaka mitatu. Mtoto huyo ni Pimamaji mwenyewe.

"Maana yake ningekuwa nimezama," anasema, akiugusa mstari huo kwa kidole.

"Usingezama," dada yake anamjibu. "Kichwa chako kikubwa kingeelea."

Ukitaka wawili hawa wasahau kugombana, waulize mto ulivyokuwa zamani.

Zamani, wanasema, mto huu ulikuwa mvivu. Ulipinda huku, ukapinda kule, ukajilaza chini ya mizizi, ukaamka ukaendelea. Mti ukianguka, uliachwa hapo hapo, na kufikia msimu uliofuata ulishakuwa daraja la watoto na nyumba ya kaa. Kulikuwa na kidimbwi kirefu chini ya kivuli walichokiita Bafu, na maji yake yalikuwa baridi kiasi kwamba mtoto aliyeingia alitoka hana la kusema, jambo ambalo mama yao alilishukuru sana.

"Tulikuwa tunashindanisha vijiti," dada anakumbuka. "Unatupa chako kule juu, unakwenda nyumbani, unakula, unaosha vyombo, unarudi kungoja. Bado hakijafika! Kona zilikuwa nyingi kiasi hicho. Halafu eti cha huyu ndicho kilikuwa kinashinda kila siku."

"Kijiti changu kilikuwa na akili."

"Kijiti chako kilikuwa na mkono wako nyuma yake."

Kisha likaja katapila. Wakati ule mto uliopinda ulionekana ni mto wenye kasoro, na mti ulioanguka majini ulionekana ni uchafu. Kona zikakatwa, magogo yakavutwa, kijito kikanyooshwa kama rula. Watu wa bondeni walitoka kushangilia. Baba yao alisimama mbele kabisa, akasema hatimaye kuna mtu serikalini anayejua kunyoosha kitu.

Maji yaliambiwa yaharakishe, na maji ni matiifu. Kwanza kaa walipotea. Bafu likajaa mchanga. Halafu, kila mvua kubwa ilipopiga milimani, maji yakawa yanafika bondeni yote kwa mpigo, kama wanafunzi wakisikia kengele ya mwisho.

Mradi wa kurudisha kijito ulipotangazwa, Pimamaji alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha. Karakana yake ilikuwa imedorora tangu maduka yaanze kuuza makabati rahisi ya mbao za vumbi lililogandishwa kwa gundi. Ujira wa siku moja msituni haufikii bei ya bati moja, lakini unakuja kila wiki bila kumfukuzia mteja deni. Zaidi ya hayo, alikuwa na nyumba ya kuokoa.

Ndipo akafanya kosa ambalo ni seremala tu angeweza kulifanya.

Msimamizi, binti wa rika la kitinda mimba wake, aliwapa yeye na wenzake sehemu nyembamba ya kijito na maelekezo ya kulaza magogo. Kisha akaenda kukagua sehemu za juu. Aliporudi mwisho wa wiki alikuta ukuta. Magogo yalikuwa yamebanduliwa magome, yamechongwa pande nne, yamepigwa randa, yameunganishwa kwenye pembe kwa ndimi za mbao zinazoingiana. Kila ufa ulikuwa umezibwa kwa udongo wa mfinyanzi. Juu yake ungeweza kuweka glasi ya maji na isimwagike.

"Fundi, hiki ni nini?"

"Kizuizi, bosi," Pimamaji alijibu, akingoja sifa.

"Sasa maji yatapita wapi?"

"Hayapiti! Si ndiyo kazi yenyewe?"

Msimamizi alishika kichwa. Akaeleza tena, polepole: kizuizi cha msituni lazima kivuje. Maji ya siku za kawaida yapite chini yake, samaki nao wapite. Ya mafuriko yacheleweshwe tu, yamwagike pembeni kwenye miti. Ukiyazuia kabisa, yatatafuta njia yao, na njia yao huijui.

Walikubaliana kuubomoa ukuta Jumatatu. Mvua haikungoja Jumatatu. Maji yalijaa nyuma ya ukuta, yakazunguka, yakala ukingo, yakang'oa mti mzima, na ukuta ukaachia wote kwa pamoja. Bondeni, dada mtu alisikia kishindo, akafungua dirisha, na kuona banda lake la kuku likiondoka.

"Maji nimeyazoea," anasema. "Lakini safari ile niliona mbao zinaingia uani zimepigwa randa! Nikaiokota moja, nikaangalia ule ulimi. Nikasema, hii kazi naijua. Hii ni ya mdogo wangu."

Hakumsemesha kwa wiki mbili. Alipofungua kinywa, ilikuwa ni kutoa ile kauli ya kuuza.

Tangu hapo Pimamaji amekuwa mwanafunzi. Msimamizi alimpa kanuni moja: "Fundi, panga magogo kama mtu aliyegombana na mkewe asubuhi." Mkewe mwenyewe, alipoelezwa kwamba mume wake anafundishwa, tena kwa malipo, kujenga kitu kinachovuja, aliangalia juu. "Mbona paa letu linavuja na hujawahi kuleta mshahara wake?"

Haikuwa rahisi. Siku za kwanza alikuwa anafumba macho gogo likishuka. Lakini miezi ilivyosonga, nyuma ya magogo yale ya ovyo kukaanza kujikusanya majani, mchanga, vijidimbwi. Samaki wadogo kama kucha wakaonekana kwenye kivuli. Mdiria, ndege wa buluu anayekula samaki, alirudi na kutua juu ya gogo lililopinda kuliko yote.

"Hapo nilisalimu amri," anakiri Pimamaji. "Ndege hakuuliza kama limenyooka."

Mwezi uliopita mvua iliyokuwa inaogopwa ilifika. Ilianza alfajiri na haikupumzika. Pimamaji alikimbilia kwa dada yake, akamkuta ameshapandisha cherehani juu ya meza, na vitambaa vya wateja juu ya kabati. Wakaketi kwenye viti viwili wakitazama mlango ulio wazi, kama watu waliokuja kuona mchezo.

Saa sita ilipita. Miaka mingine, kufikia saa hiyo sufuria zingekuwa zinaogelea. Saa nane ikapita. Jioni ndipo maji yalipoingia uani, taratibu, bila tope jingi, yakapanda ngazi ya kwanza, yakafikiri, yakapanda ya pili. Yakagusa kizingiti. Zulia la kufutia miguu, lililolala nusu nje nusu ndani, likaanza kubadilika rangi.

Pimamaji hakuthubutu kumtazama mwenzake.

"Hayajaingia," alisema.

"Zulia limelowa."

"Limelowa upande wa nje."

"Tangu lini zulia likawa na upande wa nje?"

Waliketi hapo hapo hadi maji yalipoanza kurudi nyuma, ngazi kwa ngazi. Ndipo dada alipoinuka, akalivuta zulia kwa vidole viwili na kulitupa uani.

"Lilikuwa nje," akasema. Akaenda kuwasha jiko.

Akiulizwa leo kuhusu siku hiyo, anageuza kitambaa chini ya sindano kabla ya kujibu. "Miaka yote maji yanaingia kama mwizi. Safari hii yalibisha hodi. Anayebisha hodi unaweza kuongea naye."

Msimamizi hataki mtu ashangilie mapema. Mvua moja si ushahidi, anasema, na sehemu ya juu ya kijito, ndefu kuliko ile iliyokwisha kufanyiwa kazi, bado imenyooka vile vile katapila lilivyoiacha. Pimamaji anataka waifikie kabla ya msimu ujao. Anataka pia kufukua Bafu, ingawa halimo kwenye mpango wa mtu yeyote ila wake.

Lakini kwanza ana oda ya kumaliza, na mteja wake ni mkali.

Kwa miaka sita dada yake amekuwa akilala kwenye kitanda cha kukunja, cha bomba jepesi, kitu cha kunyakua na kukimbia nacho. Wiki iliyopita alimwita mdogo wake chumbani, akamwonyesha kona iliyo chini ya dirisha la baba yao.

"Nataka kitanda hapo. Cha mbao ngumu."

"Kizito hicho, dada. Kikishaingia, wanaume wanne hawakitoi."

"Nani amekwambia kinatoka?"