Harufu Ndani ya Gari la Mama

Mtaani kwao walimwita Pua, ingawa pua yake yenyewe ilikuwa ya kawaida tu, hata ndogo ukilinganisha na masikio. Jina lilitokana na kazi. Alikuwa fundi bomba. Akiitwa kwenye nyumba yenye harufu mbaya alikuwa anasimama mlangoni, anavuta pumzi moja, halafu anamwambia mwenye nyumba, "Bafuni hakuna shida. Tatizo liko jikoni, nyuma ya kabati." Wakivuta kabati, kweli, bomba linavuja. Watu walicheka kwa kushangaa, na jina likamganda.

Kisha homa ikamlaza. Alipopona, miguu ilirudi, hamu ya chakula ikarudi nusu, lakini harufu haikurudi. Kitunguu, moshi, sabuni, mtaro, vyote vikawa kitu kimoja kwake, yaani si kitu. Hakumwambia mtu. Kazi za mabomba yaliyoziba alizichukua kama kawaida, ila zile za harufu alizikwepa kwa kusingizia mgongo. Nyumbani akawa mkimya, mtu wa kukaa na kutazama ukuta.

Mkewe ndiye aliyemgundua. Mama huyu alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa sebuleni karibu na dirisha. Asubuhi moja alitoka jikoni akamkuta mumewe anakunywa maziwa.

"Baba watoto, hayo maziwa si yameharibika?"

"Najua," alijibu Pua.

"Unajua, na unakunywa?"

Pua alitazama kikombe. Akakiweka mezani polepole. Mkewe akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Tangu ile homa?" aliuliza.

Akaitikia kwa kichwa. Mkewe hakumlaumu wala hakumwuliza kwa nini alificha. Alimwaga yale maziwa, akaosha kikombe, akarudi kwenye mashine yake. Lakini kuanzia siku hiyo alikuwa akipika anamwambia, "Sasa vitunguu vimeanza kunukia," kama vile mtu anavyomsomea mwenzake aliyesahau miwani.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku alipokuja dereva mmoja. Alikuwa mwanamume mzito, mwenye mabega mapana na sauti ya chini, aliyestaafu baada ya kuendesha malori maisha yake yote. Alibisha hodi, akakaribishwa, akaketi ukingoni mwa kiti kama aliyekuja kuposa.

Alieleza kwamba amenunua gari-nyumba lililotumika, gari lenye kitanda, jiko, choo na bafu humohumo ndani. Hakulinunua kwa anasa. Mama yake alikuwa na dada mmoja tu aliyebaki hai, akiishi mbali sana, na miguu ya mama ilikuwa imekufa ganzi. Kwenye basi hawezi kukaa, sharti alale. Basi mwana akaona amtafutie kitanda kinachotembea.

"Tuliondoka vizuri," alisema. "Hatujafika mbali, ikaja harufu. Fundi, harufu ya choo! Mama akatapika. Nikageuza gari. Nimelipeleka kwa mafundi, wanaingia, wananusa, wanasema hakuna kitu. Na kweli likisimama hakuna kitu. Likitembea tu, inakuja."

"Mgongo wangu," Pua alianza, "siku hizi..."

Mashine ya cherehani ikanyamaza.

"Tutakuja kesho," alisema mkewe bila kugeuka.

"Tutakuja nani?" Pua aliuliza.

"Mimi na wewe. Au unafikiri pua unayo peke yako?"

Mgeni alipoondoka, Pua alilalamika kidogo. Kazi ile ni chafu, alisema, na watu watacheka wakimwona fundi anakwenda kazini na mke wake. Mkewe aliendelea kupinda pindo la gauni. "Wacheke," alisema. "Mimi ninuse, wewe utengeneze."

Gari lilikuwa limeegeshwa uani kwa dereva, safi kuliko nyumba nyingi. Ndani kulikuwa na mapazia ya maua, sinki dogo, friji ya kimo cha goti, na nyuma kabisa kitanda kilichopakana na ukuta wa choo. Kwenye ukuta huo, juu ya mto, palikuwa na kishikio cha chuma kinachong'aa, cha kumsaidia mgonjwa kujiinua.

Mama mwenyewe alikuwa barazani kwenye kiti cha magurudumu, mwembamba, amejifunika khanga hadi shingoni ingawa jua lilikuwa kali.

"Shikamoo, mama," wote wawili walimwamkia.

"Marahaba, wanangu. Lakini mnajisumbua bure. Gari halina kosa."

Wakaingia kazini. Mwanzoni ilikuwa vurugu tupu, maana mke hakujua lugha ya kazi na mume hakuwa amezoea kuuliza.

"Hapa kunanuka," alisema mke, ameinama karibu na friji.

"Kunanuka vipi? Ziko harufu mia."

"Kunanuka vibaya, baba watoto!"

"Mama watoto, vibaya ni jina la familia. Nataka jina la mtoto."

Mke akacheka hadi akajishika kiuno. Akainama tena, akafumba macho. "Kama nguo iliyokunjwa kabla haijakauka."

Pua aliivuta friji. Ubao wa chini ulikuwa umelowa, kipira cha kutolea maji kilikuwa kimechomoka. Alikirudisha, akaung'oa ubao ule uliooza. Lakini alitikisa kichwa. "Huo ni ukungu. Hauwezi kumtapisha mtu. Endelea."

Bafuni, mke alipiga magoti penye tundu la kutolea maji. "Yai lililooza. Lakini kwa mbali, kama limeoza kwa jirani."

Hapo uso wa Pua ukachangamka. Alimweleza kwamba chini ya kila tundu bomba hupinda kama shingo ya bata, na katika mpindo ule hukaa maji kidogo yanayozuia hewa ya tangi la uchafu isipande juu. Gari likirukaruka barabarani, maji yale humwagika. Alimulika kwa tochi, akakuta pakavu. Akafunga mpindo mwingine wenye kina zaidi, akaujaza maji, akasimama.

"Huenda ni hiyo," alisema. "Huenda siyo. Lazima tutoke nalo barabarani, kila mtu akae alipokuwa amekaa siku ile. Na mama pia."

Dereva alitoka kwenda kumwita mama yake. Alirudi peke yake, uso umemshuka. "Amekataa. Anasema hapandi tena gari hili."

Mke wa Pua alinawa mikono, akaenda barazani. Hakuanza na maneno ya gari. Alikaa chini penye ngazi, akasifu khanga, akauliza habari za yule dada wa mbali. Mama alieleza kwamba dada yake ndiye aliyemlea, ndiye aliyemsuka nywele siku ya harusi yake. Kisha akachungulia kama mwanawe yuko mbali.

"Mwanangu," alinong'ona, "wewe ni mwanamke mwenzangu, nitakwambia. Ile harufu ni mimi."

"Wewe, mama?"

"Mafundi wameingia wakakuta gari safi. Nikipanda mimi, inakuja. Nikishuka, inaondoka. Na inatoka palepale ninapolala. Mwili huu siku hizi haunitii. Najiosha, najifunga vitambaa, lakini..." Alivuta khanga shingoni. "Mwanangu hajui. Anahangaika na mabomba. Nitaendaje kwa dada yangu nikimpelekea harufu hii?"

Mke wa Pua hakusema "usiwaze hivyo," wala "hapana, mama," maneno ambayo mtu yeyote angesema na yasingesaidia chochote. Alipiga magoti mbele ya kile kiti, akaweka uso wake begani kwa yule mama, kisha shingoni, kisha mapajani penye mikunjo ya khanga, akavuta pumzi taratibu, kama alivyovuta bafuni. Mama alikauka kwa haya, mikono juu, hajui aiweke wapi.

"Mama," alisema alipoinua uso, "wewe hunuki. Unanukia. Sabuni ya kipande, mafuta ya nazi, na chai uliyoimwaga kidogo hapa kwenye khanga."

Mama alimtazama asiamini.

"Unanidanganya kwa huruma."

"Nimekuja hapa kwa kazi ya kunusa. Mume wangu hawezi tena, homa ilimnyang'anya. Nikidanganya, yeye anakosea kazi. Kwa hiyo leo sina ruhusa ya kudanganya mtu."

Macho ya yule mama yakajaa. Akapangusa uso kwa ncha ya khanga na kusema, "Haya. Nibebeni."

Wakaondoka. Dereva usukani, Pua kando yake, mama amelala kitandani, na mke wa Pua ameketi miguuni pake. Mjini hakukuwa na kitu. Walipofika barabara kuu na mwendo ukaongezeka, mke akainua kichwa.

"Imeingia."

Mama akamshika mkono, akaufinya. Dereva kwa kuzoea akateremsha dirisha lake ili mama apate hewa. Harufu ikaja kwa nguvu, mke akaziba mdomo.

"Funga dirisha!" alipiga kelele Pua. Dirisha likafungwa. "Sasa?"

"Imepungua."

"Fungua tena."

"Jamani!" mke alilalamika. "Imerudi, imerudi!"

Pua alikuwa ameanza kutabasamu kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. "Gari likitembea na dirisha wazi, upepo unafyonza hewa ya ndani kwenda nje. Hewa ya ndani ikipungua, gari linavuta nyingine popote penye tundu. Mama watoto, tafuta tundu. Liko karibu na kitanda."

Mke alisogeza pua ukutani, lakini harufu ilikuwa imejaa kote, hakujua inatoka upande gani. Akaangalia mavazi yake. Kama fundi cherehani yeyote, alikuwa amebeba nyuzi mwilini bila kujua. Akang'oa uzi mmoja mweupe penye mkono wa blauzi, akauning'iniza mbele ya ukuta, akausogeza polepole. Uzi ulining'inia wima, wima, wima. Ulipofika kwenye kishikio cha chuma, ukapeperuka, kana kwamba mtu amepuliza kutoka ndani ya ukuta.

"Hapa," alisema. "Kwenye skrubu."

Dereva aliegesha kando ya barabara. Pua akaja na bisibisi.

"Kishikio hiki alifunga nani?"

"Mimi," dereva alijibu. "Siku nilipolinunua. Nilitaka mama awe na pa kushika."

Skrubu ilitoka, ndefu kama kidole. Pua akabandua ubao wa ukuta. Nyuma yake lilipita bomba la plastiki lililotoka kwenye tangi la choo kwenda juu ya paa, bomba la kutolea hewa chafu. Katikati yake palikuwa na tundu la duara, na kutoka kwenye tundu, ufa.

Dereva, lile jitu la mtu, akakaa sakafuni, mikono kichwani.

"Mama," alisema, "ni mimi. Nimekuwekea choo puani kwa mikono yangu mwenyewe. Na kila nikikufungulia dirisha, nakuongezea."

Mama alikuwa akilitazama lile tundu. Kitu kikaanza kutikisika chini ya khanga, wakadhani analia. Alikuwa anacheka. Alicheka hadi akakosa pumzi, akamwita mwanawe kwa mkono, na lile jitu likasogea kwa magoti hadi kitandani. Akamshika masikio yote mawili, kama mtoto.

"Ulinitafutia pa kushika," alisema. "Sasa njoo nikushike wewe."

Pua akageuka kutazama nje ya dirisha. Mkewe akajifanya anatafuta uzi wake.

Kazi iliyobaki ilikuwa nyepesi. Waliporudi uani, Pua alikata kile kipande kilichopasuka, akaunga kipya kwa gundi, akakihamishia kishikio kwenye nguzo ya mbao ambayo nyuma yake hakuna kitu. Gundi ilipokauka walitoka tena barabarani, madirisha wazi yote, mapazia yakipiga makofi.

"Sasa?" aliuliza Pua.

Mkewe alivuta pumzi ndefu. "Gundi. Vumbi. Mvua iko mahali fulani mbele."

"Na choo?"

"Hakuna."

Safari ilifanyika wiki hiyohiyo. Siku kadhaa baadaye simu ililia, mke wa Pua akaipokea huku mumewe akisimama nyuma yake kusikiliza. Alikuwa dereva, sauti imemkauka kwa uchovu. Wamefika salama, alisema. Mama na dada yake walipoonana walishikana nyuso. Kisha dada akataka kuliona gari. Akapandishwa, akajilaza kitandani kando ya mdogo wake ajaribu godoro, na tangu hapo amekataa kushuka. Wanaongea usiku na mchana, wanasukana nywele, wanaletewa chakula dirishani. Yeye dereva mwenyewe amefukuzwa humo.

"Unalala wapi sasa?" mke wa Pua aliuliza.

"Kwenye kiti, nje ya gari karibu na ngazi," dereva alisema, na ungeweza kusikia jinsi alivyofurahi. "Nawasikia wanacheka tu humo ndani."