Mwenye Sinema Hajauza

Mume wangu amenikataza kuisimulia habari hii. Anasema watu wa kanisa watanishangaa. Wacha wanishangae. Mimi si mtu wa kuota mchana. Wanaonijua pale Ekerenyo watakwambia kwamba hata ukiniuzia kuku, nitamgeuzageuza mpaka achoke kabla sijamkubali. Kwa hivyo nikikwambia niliona, jua niliona. Tena ilikuwa mchana, siku ya soko, mji wa Kisii umejaa watu.

Kazi yangu ni kukodisha mahema na viti. Harusi, mazishi, mikutano ya chama, kote huko naitwa. Mwenzangu katika biashara alikuwa Mokeira, rafiki yangu tangu tukiwa shule ya msingi. Adui yetu alikuwa mvua. Wewe unaijua mvua ya huku kwetu? Inakuja kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Bibi harusi analowa, sufuria za pilau zinajaa maji, halafu lawama ni kwetu. Ndipo tukaamua kutafuta ukumbi wa kununua, na mimi nikakubali shamba langu la chai liwekwe rehani benki. Shamba hilo ndilo lililonisomesha. Kwa hivyo unielewe kwa nini nilikuwa na macho makali.

Dalali mmoja, jina lake Ogeto, akatuambia sinema ya zamani inauzwa.

Kama wewe ni wa juzi, pengine hujui kwamba Kisii ilikuwa na sinema. Baba yangu alikuwa akituhadithia walivyokuwa wakitoka Nyamira kwa miguu, viatu wamevibeba mkononi visichafuke, waje waone picha. Kisha video zikaingia, kila kichochoro kikawa na televisheni yake, na jumba likafungwa. Baadaye likawa stoo ya mahindi. Likawa kanisa kidogo. Likawa karakana ya makochi. Kila mpangaji aliingia kwa furaha na kuondoka bila kuaga.

"Mbona wote walihama?" nilimuuliza Ogeto.

"Madam, biashara ni biashara. Watu wanakuja, watu wanaenda."

"Na mwenyewe ni nani?"

"Ni familia ya Wahindi, wako Uingereza. Hatimiliki iko. Hii ploti haina shida hata kidogo."

Niamini, mtu akikwambia ploti haina shida kabla hujauliza kuhusu shida, shika mkoba wako vizuri. Nikaanza kuuliza mwenyewe mjini. Muuza viatu aliye mkabala na jumba akasema ni la Wahindi. Fundi cherehani wa jirani akasema hapana, ni la Mgusii mmoja wa Ogembo. Askari wa kanjo, wale wa baraza la mji, akanitazama, akaniuliza kwa nini nataka kujua. Mokeira yeye hakutaka kusikia. "Wewe unashuku hata kivuli chako," akaniambia. Tulicheka wakati huo.

Siku ya kulikagua, Mokeira alikuwa na mazishi ya kuhudumia huko Keroka, kwa hivyo tukaenda mimi na Ogeto peke yetu. Alifungua kufuli, mlango ukalia, tukaingia. Harufu ya popo na mahindi yaliyooza. Sakafu inateremka kuelekea mbele, ukutani kule mbele kuna eneo kubwa lililopakwa rangi nyeupe, na nyuma, juu kabisa, kuna vile vitundu ambamo mwanga wa picha ulikuwa unapita. Safu chache za viti vya mbao zilikuwa bado zimefungwa kwenye sakafu. Mvua ikaanza kupiga mabati. Simu ya Ogeto ikaita, akasema haisikiki humo, akatoka nje na kuuvuta mlango nyuma yake.

Nikabaki. Mwanga ulikuwa ule tu wa matundu ya mabati, kijivu, wa kuonea hatua zako. Nilikuwa nakagua nyufa za ukuta niliposikia mtu akikohoa kidogo, kama anayetaka kusema jambo.

"Bwakire buya."

Hiyo kwetu ni salamu ya asubuhi, na saa hizo ilikuwa alasiri. Nikageuka. Mzee alikuwa amesimama kwenye njia kati ya viti, koti refu, kofia mkononi. Sikuweza kuona kama ni Mgusii au ni Mhindi, maana uso wake ulikuwa gizani na wazee wa Kihindi wa hapa mjini wanaongea Ekegusii kama mimi. Kummulika mtu mzima usoni kwa tochi ni utovu wa adabu, kwa hivyo simu yangu ikabaki mfukoni.

Nilifikiri nini? Nilifikiri, ahaa, huyu ndiye mwenye nyumba wa uongo. Ogeto amemficha humu, sasa atatokea aniambie maneno matamu. Nikajikaza.

"Mzee, wewe ndiye unauza?"

"Sijauza," akasema.

"Basi Ogeto anauza nyumba ya nani?"

"Mashine ya picha ilikuwa ya Kanti. Ardhi ni yangu. Tulipeana mkono tu, hatukuandikiana. Kanti ameenda. Mimi sijauza."

"Wewe ni nani?"

Alinyoosha mkono, akanionyesha kiti, kwa upole, kama mtu aliyefanya kazi hiyo miaka mingi. "Keti, picha inaanza," akasema. Na mimi, ambaye sikai hata kwenye kiti cha daktari bila kukipangusa, miguu ikataka kwenda. Sijui kama unanielewa. Mwili ulitaka kuketi. Akili ndiyo iliyokataa.

Hapo mlango ukafunguliwa na Ogeto akaingia na tochi kubwa, ile ya walinzi. Mwanga wake ulipita juu ya viti, ukanipiga mgongoni, ukaenda kugonga ule ukuta mweupe.

Ukutani kulikuwa na vivuli viwili.

Nilitazama kando yangu. Hakuna mtu. Viti vitupu, vumbi, popo amening'inia. Nikatazama ukuta tena. Kivuli changu, kilemba na mkoba. Na kando yake kivuli cha mtu mrefu, kofia mkononi.

"Madam," Ogeto akaita kutoka mlangoni, na sauti yake haikuwa ile ya kuuza, "umesimama na nani?"

Kile kivuli kikainama, kikaketi polepole, kama mtu aliyepata kiti chake. Kikatoweka nyuma ya vivuli vya viti.

Sijui nilitokaje. Nakumbuka mvua usoni na Ogeto akihangaika na kufuli. Na unajua alichosema nilipomuuliza kesho yake? Alisema hakuona kitu. Alisema mimi ndiye nilipiga mayowe nikamtisha.

Nikaenda kwa Mama Hansa. Ni mjane wa Kihindi anayeuza vitambaa, mimi humnunulia vya kupambia mahema. Nilijua familia yake iliwahi kuhusika na sinema. Nilipomweleza juu ya mzee mwenye koti refu, aliacha kupima kitambaa.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, Mama."

"Kanti alikuwa shemeji yangu. Alipokufa tulimchoma kwa desturi yetu hapa hapa Kisii, mimi nilikuwepo. Huyo unayemsema alikuwa mwenzake, Nyamweya wa Ogembo. Alikuwa anasimama ndani na tochi, anaonyesha watu viti. Amekufa zamani."

"Aliuza sehemu yake?"

Alikunja kitambaa, akakikunjua, akakikunja tena. "Watoto wa Kanti wanasema aliuza. Mimi nasikia kwao tu. Unachukua mita ngapi?"

Hakuniangalia tena siku hiyo.

Usidhani niliamini moja kwa moja. Nilijiuliza, pengine Mama Hansa hataki nyumba iuzwe na amepanga mchezo. Pengine Ogembo kuna watu wanaotaka kunitisha wachukue wao. Hata yule mzee nilimshuku. Nani alisema aliyekufa hawezi kudanganya? Kwa hivyo nikaenda Ogembo kumtafuta Nyamweya, au kaburi lake.

Nilimpata binti yake, Kwamboka, mama mtu mzima, anatoa ndizi shambani. Nikamwamkia, nikamwambia natoka Kisii kwa habari ya sinema. Aliweka chini mkungu wa ndizi.

"Amekuonyesha kiti?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Uliketi?"

"Hapana, Mama."

"Vizuri, mwanangu. Yule fundi wa makochi aliketi." Halafu akaniandalia uji, na juu ya fundi huyo hakuongeza neno. Aliniambia tu kwamba baba yao alikufa akisema hajauza, nao walizaliwa wasichana tu, bila ndugu wa kiume, na kila walipoenda mjini kudai, walifukuzwa kama waombaji.

Nilirudi nikamwambia Mokeira kila kitu. Akanicheka mpaka akatoa machozi. Kisha akaacha kucheka alipoona sicheki. "Unataka kujitoa, jitoe," akasema. "Usinisingizie mizimu." Akapata mshirika mwingine, akanunua kwa Ogeto. Tulikosana. Tukikutana sokoni alikuwa anavuka barabara.

Alilipaka rangi jumba, akaweka taa, akaalika harusi ya kwanza. Sikualikwa. Wiki ile ile simu yangu ikaita alasiri, mvua inanyesha. Mokeira. Hakunisalimia.

"Yule mama wa Ogembo," akasema, "nipe namba yake."

"Kuna nini, Moke?"

Nilisikia mvua ikipiga mabati upande wake.

"Nipe namba tu."

Nikampa. Siku hizi Kwamboka na dada zake wanapokea kodi ya ukumbi ule kutoka kwa Mokeira kila mwezi, naye hajawahi kuniambia ni kwa nini. Ogeto alihamia Narok. Mimi nilibaki na shamba langu na mahema yangu, nalowa na mvua kama zamani. Lakini kwenye mikutano wakianza kuonyesha picha ukutani kwa ile mashine ya mwanga, mimi hutoka nje nikasimama na wapishi.

Sasa wewe unayetafuta nyumba ya kununua, nisikilize. Usiulize mji tu, usiulize dalali tu. Nenda mpaka kwa watoto wa wale waliojenga, hata wakiwa mbali, uwasikie kwa masikio yako. Na ukiingia mahali pa zamani, mzee mpole akakukaribisha kiti, mshukuru. Lakini usiketi.