Gorogoro Nyuma ya Pikapu

Mwaka 2008, baada ya fujo za uchaguzi, maduka ya sentaa moja upande wa Kuresoi yalibaki kuta nyeusi tu. Mtu akitaka unga ilibidi ashuke mpaka Molo, na si kila mtu alikuwa na nauli, wala moyo wa kupita barabara ile. Basi sisi majirani wa mtaa wa Lanet tukachanga chakula, na mzee mmoja Mhindi, mwenye duka la jumla mjini Nakuru, akatoa pikapu yake. Aliiendesha mwenyewe kila Jumamosi. Mimi nilikuwa wa kupanga watu foleni, kwa sababu nina sauti na sina aibu.

Siku ya kwanza watu walijipanga, isipokuwa mama mmoja. Alikaa mbali, kwenye jiwe mbele ya kuta za lililokuwa duka lake, leso mabegani, akitutazama. Jirani yake aliniambia kwamba alikuwa akiishi kwa viazi vya kuokota na chai ya rangi, na akipelekewa chakula anakirudisha. Nikamfuata na mfuko.

"Mathe, hii ni yako. Chukua tu."

"Patia wenye wako na shida," akasema.

Alikuwa amekonda mpaka pete inazunguka kidoleni. Nilirudi kwenye gari nimekasirika. Mimi huruma ikinizidi hugeuka hasira. Njia nzima nilimlaumu, kwamba kiburi hakijazi tumbo. Mzee alibadilisha gia.

"Huyo ni mwenye duka," akasema. "Mwenye duka hawezi kupanga laini na kastoma wake."

Jumamosi iliyofuata, nilipofungua turubai, nilitaka kulia. Hakukuwa na hata mfuko mmoja uliofungwa tayari kama wiki iliyopita. Yalikuwemo magunia mazima ya unga na maharagwe, na mizani hakuna. Nilimgombeza mzee wa watu mbele ya kila mtu. Mzee alitembea polepole mpaka kwenye lile jiwe, akavua kofia.

"Mama, leo sina mizani. Uko na gorogoro?"

Mkebe wake wa kupimia alikuwa nao bado, umeungua upande mmoja. Aliutazama, akamtazama mzee, kisha akainuka. Alijifunga leso kiunoni, akapanda nyuma ya pikapu, akaanza kupima. Mara mahali pale pakachangamka. Alimuuliza huyu habari ya mguu, akamtania yule kwamba ndoo yake ina matobo mengi kuliko ahadi za mume wake. Kila aliyepimiwa aliongezwa kiganja juu, nyongeza, na aliyesahauliwa alidai kwa sauti. Ndipo nikaelewa kwa nini mizani iliachwa, na nikampenda yule mzee kwa moyo wangu wote.

Foleni ikaisha. Mama akashuka, akajikung'uta unga, akatuaga vizuri kama mtu anayefunga duka jioni. Hakuchukua chochote. Nilifungua mdomo, mzee akatikisa kichwa, nikaufunga.

Jirani yake ndiye aliyemshika mkono. Aliutoa mkebe vidoleni mwake, akainama kwenye gunia, akaujaza mpaka ukawa na kilima, akaongeza kiganja, na kingine tena.

"Umetupimia miaka yote," alimwambia. "Leo wacha nikupimie."

Mama akafungua leso yake kiunoni. Akaikinga, ikajazwa.

"Sasa hamtaenda bila kukula," akatuambia.

Alisonga ugali, jirani akaleta mboga ya sukuma. Tulikula katikati ya zile kuta, chini ya mabati ya kuazima, baridi ikitupiga miguuni. Alitugawia sisi wageni kwanza. Halafu akamega tonge lake, akala, akamega lingine. Nilimtazama akitafuna mpaka mzee akanikanyaga mguu.